Nimekaa Ofisini, Nimekaa Nyumbani

Kila tarehe 8 Machi wanawake wa Mbeya tunashona vitenge vya sare, tunaandamana na matarumbeta, kisha tunaketi chini ya maturubai kumsikiliza mgeni rasmi. Hotuba nyingi nilizozisikia zinafanana. Atatajwa Rais Samia, atatajwa Dkt. Tulia Ackson aliyetoka huku kwetu akaketi kwenye kiti cha Spika, watatajwa marubani, wahandisi na mameneja. Wanastahili kutajwa, sina neno. Lakini chini ya maturubai hayohayo wamejaa wanawake walioamka alfajiri, wakawasha mkaa, wakaogesha watoto, wakafua, ndipo wakaja kupiga vigelegele. Hotuba ikiwafikia wao huwa ni moja tu: "Kina mama tusikae tu nyumbani, tujishughulishe." Nimeisikia nikiwa mwajiriwa. Nimeisikia tena nikiwa sina ajira, mtoto ananyonya, na siku hiyo nilitamani kumwuliza mgeni rasmi nani alimwandalia chai aliyokunywa kabla ya kuja.

Nikijiita mfeministi, wapo wanaodhani nataka kumpindua mume wangu. Sina mpango huo. Ninachodai ni kitu cha kihasibu zaidi kuliko cha kimapinduzi: kazi ya kulea ihesabiwe popote inapofanyika na yeyote anayeifanya, kisha anayeifanya apate muda wake, fedha yake na jina lake kwenye karatasi. Sifa tumeshapewa za kutosha.

Mimi ni mzaliwa wa Ilula, Iringa, nikasomea uhasibu, nikaajiriwa na kampuni moja ya pembejeo upande wa Iyunga, nikaolewa na Mnyakyusa, tukajenga Isyesye. Mimba ya kwanza ilipofika, likizo niliipata bila maneno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mama siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Baba anapewa siku tatu, tena azichukue ndani ya wiki ya kwanza. Mume wangu alizitumia kupokea wageni, kununua ndoo na kutafuta mkaa mkavu, zikaisha.

Shida ilianza nilipotakiwa kurudi. Kliniki wanakwambia mtoto anyonye maziwa ya mama tu hadi miezi sita, bila maji, bila uji. Siku 84 ni wiki 12. Kati ya wiki ya 12 na mwezi wa sita mama ajue mwenyewe. Waliotunga sheria walilijua pengo hilo, ndiyo maana kifungu kilekile kinamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Bosi wangu alikuwa hajawahi kukisikia. "Hayo ni ya serikalini," akaniambia. Nikatoa kopi ya ukurasa, nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu, nikaiweka mezani kwake. Aliusoma mara mbili, akasema sawa, ila chukua saa moja na iwe wakati wa chakula cha mchana.

Anayeijua Mbeya anajua saa moja inaishia wapi. Barabara kuu ni hiyohiyo moja, malori ya Tunduma yanayokwenda Zambia na Kongo yamo humohumo na daladala, bajaji na guta za ndizi. Ukikwama Mafiati umekwama. Kwa hiyo mtoto ndiye aliyekuja kwangu. Dada wa kazi alimfunga mgongoni, akapanda bajaji, akafika getini, nami nikashuka kumnyonyesha kwenye kibanda cha mlinzi. Mlinzi alikuwa mzee wa Kisafwa, mtu wa maneno machache. Akituona tu anatoka nje na rungu lake, anasimama mbali akiwa ametupa mgongo, na kwenye kiti ameacha blanketi lake limekunjwa. Julai ya huku si ya mchezo. Bila lile blanketi mtoto angenyonya huku anatetemeka. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo, wala hakuwahi kuisoma hiyo sheria. Ofisini kwenyewe, nilipokuwa nachelewa kushuka, maziwa yalivuja hadi kwenye gauni, ndiyo maana nilivaa sweta nzito hata siku za jua. Wenzangu wakajua mimi ni mtu wa baridi.

Huyo dada naye lazima nimseme. Ukitoka Iringa ukahamia mjini, watu wakishakujua kwenu, salamu ya pili ni: "Nitafutie msichana wa kazi huko kwenu." Wa Dar wanasema, wa Arusha wanasema, na hapa Mbeya walisema. Mabinti wa Kilolo, Mufindi, Njombe na Makete wamelea nusu ya watoto wa maofisa wa nchi hii. Mwanamke anapanda cheo, anapigiwa makofi Machi 8, na jikoni kwake yuko binti wa kwetu aliyeacha shule. Nilipokuja kumchukua wa kwangu kutoka Kilolo, amri ya mishahara ya mwaka 2013 ilitaja kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri, na majirani walinishangaa kwamba mimi nalipa zaidi. Bila yeye, ile kopi yangu yenye mstari mwekundu isingenifaa chochote.

Mtoto wa pili alikuja kabla ya wakati. Njiti. Nilikaa hospitali nikimlea kifuani, ngozi kwa ngozi, kanga imetufunga pamoja, na huku siku za likizo zinahesabika. Siku 84 hazikujua kwamba mtoto bado yuko wodini. Mwaka 2025 sheria ilirekebishwa, mama wa njiti sasa anaongezewa muda, na nilipoisikia habari hiyo nilikaa chini. Wakati wangu haikuwepo. Mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi kichwani, akanipikia, akanisugua mgongo, akaniita mwanangu. Hakuweza kukaa muda mrefu kwa sababu baba mkwe alibaki peke yake, na yeye asingeweza kuja kwetu: kwa mila ya Kinyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Naiheshimu mila hiyo, lakini kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye njiti ni mzigo.

Likizo ilipoisha mtoto alikuwa bado mdogo kama wa siku chache. Nikaandika barua ya kuacha kazi.

Kuhusu maisha ya mama wa nyumbani watu wengi wanajua kuchoka kwake, kwa hiyo sitayarefusha. Kilichonishangaza mimi ni jinsi mtu anavyopotea kwenye mazungumzo. Wifi yangu ni muuguzi, nampenda na ananipenda, lakini alikuwa akitoka zamu ya usiku, ananikuta nimesimama na nguo za kuanika, anasema, "Wewe wifi umepumzika zako." Mtaani nikaitwa golikipa kwa utani. Hela ya matumizi ilikuwepo, mume wangu si mtu wa kunyima, ila nilitakiwa kuiomba, na kuna vitu mtu mzima haombi kwa raha. Vocha. Pedi. Nauli ya kwenda kumzika rafiki.

Mama yangu Ilula hakuelewa kabisa ninacholalamikia. Nilipompigia, tukaitikiana "kamwene", nikamweleza kwamba sasa sifanyi kazi, akanyamaza, kisha akauliza, "Kwani mtoto umemwacha na nani?" Yeye alinilea nikiwa mgongoni huku anajaza nyanya kwenye matenga. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama yeye ni mama wa kazini au mama wa nyumbani, maana shamba lilikuwa nyuma ya jiko na jiko mbele ya shamba. Huo mgawanyo tumeupata kwenye mishahara. Na wahasibu wa mataifa wameugandisha: kwa kanuni zinazotumika kukokotoa pato la taifa, mahindi aliyovuna mama yangu kwa ajili ya kula nyumbani yanahesabiwa kuwa uzalishaji, hata maji aliyochota mtoni. Ugali alioupika kwa mahindi hayo na maji hayo hauhesabiwi. Nilifundishwa hilo darasani nikalijibu kwenye mtihani bila kulitafakari. Nilikuja kulitafakari nikiwa na mwiko mkononi.

Basi nikafanya ninachokijua. Nikanunua kaunta buku, nikachora safu, nikaanza kuandika kila kazi niliyofanya na bei ambayo angelipwa mtu baki. Kufua: bei ya dobi wa mtaani, kwa nguo. Chakula: bei ya mama lishe wa Soweto ya hapa Mbeya, kwa sahani. Kulea: ada ya kituo cha kulelea watoto mchana, ingawa kituo hakimpokei mtoto mchanga wala hakifunguliwi usiku wa manane. Kumfundisha mkubwa kusoma: bei ya tuisheni. Sikuongeza chumvi, mhasibu akiongeza chumvi ameharibu vitabu. Mwisho wa mwezi nikajumlisha. Jumla ilizidi mshahara wangu wa zamani.

Sikusema kitu, nililiacha daftari mezani. Mume wangu akala, akalivuta, akalisoma ukurasa kwa ukurasa kama anayekagua. Nikasubiri abishe bei. Akasema, "Mama Atu, hujaweka mlinzi. Mchana kutwa nyumba unailinda wewe." Akachukua kalamu akaongeza mstari.

Kicheko kilipoisha tukakaa kuzungumza, na mazungumzo yale ndiyo yaliyobadilisha maisha yangu kuliko hotuba zote. Tulikubaliana mambo ya karatasi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea wanachama wanaojichangia wenyewe, hata asiye na mwajiri. Nikaandikishwa, na mchango wangu ukawa unatoka kwenye mshahara wake kila mwezi kabla ya matumizi mengine. Kiwanja chetu kilikuwa bado hakijapata hati. Kilipopimwa, yakaingia majina yote mawili. Matumizi ya nyumbani yakawa yanaingia kwenye simu yangu tarehe moja, bila kuombwa. Shemeji zangu walipopata habari mmoja akasema kaka yao amewekewa kitu kwenye chai. Mama mkwe, ambaye hakusoma hata darasa la nne, alimjibu, "Na mimi ningemwekea baba yenu."

Hayo ya majina mawili sikuyaota. Niliyapata kwenye kikoba. Tulikuwa wanawake wa mtaa mmoja: muuza vitenge wa Mwanjelwa, walimu, mkulima wa viazi kutoka Uporoto, na sisi magolikipa. Siku moja akaja msaidizi wa kisheria, mama wa makamo mwenye begi la vitabu, akatueleza habari ya Bi Hawa Mohamed. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikuwa mbele ya swali ambalo majaji wa chini walikuwa wakigawanyika: mke ambaye hakuleta mshahara ndani ya nyumba, kazi yake ilikuwa kupika, kufua na kulea, je, amechangia mali iliyopatikana kwenye ndoa? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inataja mchango wa fedha, mali au kazi. Mahakama ikasema kazi za nyumbani ni mchango. Tukapiga vigelegele. Msaidizi akainua mkono. "Ngojeni. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu." Mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi wa familia, mahakama ikaona alizitapanya, na kwa hilo akahesabiwa kwamba mchango wake umepotea. Alitushindia sote, yeye akaondoka mikono mitupu.

Kimya kilichofuata kilivunjwa na muuza vitenge: "Sasa mwanaume akitapanya mshahara baa, mchango wake nao unapotea?" Hakuna aliyemjibu. Mpaka leo swali hilo naona ni zito kuliko mengi ninayoyasikia kwenye semina.

Kikoba kilinifundisha jambo jingine kuhusu ugomvi wa kina mama. Walimu walikuwa wanatuona sisi tunaobaki nyumbani wavivu, sisi tunawaona wao wanazaa na kuwaachia mahausigeli. Tukisengenyana hivyo, bosi aliyepunguza saa za kunyonyesha hakosi usingizi, wala mume asiyejua mtoto anasoma darasa la ngapi. Ninaupenda mfano wa Aisilendi. Tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake wa kisiwa hicho, wanaokadiriwa kufika asilimia 90, waligoma siku moja. Walioajiriwa hawakwenda kazini, na wa nyumbani hawakupika, hawakufua, hawakuangalia watoto. Kina baba walikwenda na watoto maofisini. Mwaka 1980 nchi hiyo ikamchagua Vigdís Finnbogadóttir kuwa rais, mama aliyekuwa akilea mtoto peke yake. Mgomo ule ungekuwa wa waajiriwa peke yao, watoto wangebaki nyumbani na mama zao wasio na ajira, na kina baba wangekunywa kahawa yao kama kawaida. Nimewahi kuwapa wenzangu wa kikoba wazo hilo. Mkulima wa viazi akasema akigoma yeye nguruwe hawana habari na haki za wanawake.

Nilirudi kwenye ajira mdogo alipoanza chekechea. Ni uhasibu wa shule, mshahara ni mdogo kuliko ule wa kwanza, ila natoka alasiri. Miaka niliyokaa nyumbani kwenye usaili iliitwa "pengo". Nilitaka kwenda na kaunta buku.

Nyumbani tukampata dada mwingine, naye wa Kilolo, na alipokuwa amekaa nasi zaidi ya mwaka akaniita uani jioni moja, akakaa kwenye kigoda, akaanza kulia kabla hajasema. Nikajua. Kwa desturi ya mjini, hapo dada anafungashiwa begi, anapewa nauli, anatafutwa mwingine. Majirani walishaanza kunitajia majina. Lakini sheria ile ile niliyoipigia mstari mwekundu haisemi "mwanamke mwenye ofisi". Inasema mwajiriwa. Mfanyakazi wa nyumbani naye ni mwajiriwa. Nilipolisema hilo mezani, mume wangu, yule yule wa mstari wa mlinzi, aliweka kijiko chini. "Yaani tulipe mtu aliyeko kwao, na hapa tulipe wa kumshikia nafasi?"

"Kampuni yangu ilifanyaje?"

"Ile ni kampuni."

Alikuwa na hoja. Sisi si kampuni, na nchi haijaweka utaratibu wa kumsaidia mwajiri mwenye mshahara wa mwalimu au fundi kubeba gharama hiyo. Hapo ndipo sera nyingi nzuri zinapokwama, mlangoni kwa mwanamke mwingine mwenye kipato kidogo. Tulijipanga tulivyoweza. Mama mkwe alikuja sehemu ya muda, mume wangu akabeba asubuhi: kuamsha, kuogesha, uji, sare za shule. Mimi nikashika jioni. Mshahara wa dada ukawa unakwenda Kilolo kwa simu kila mwezi, kamili. Kulikuwa na asubuhi ambazo mtoto alikwenda shule na soksi za rangi mbili. Hakuna aliyekufa.

Alirudi na mtoto wake. Jirani mmoja, ambaye sitamtaja maana tunasali pamoja, alinisimamisha dukani. "Mama Atu, unatuharibia. Wangu naye akisikia akadai?"

"Atakuwa anadai chake."

Hakunisalimia kwa muda, kisha akaja kuniomba nimwandikie mkataba wa huyo wake. Ukurasa mmoja tu: mshahara, siku ya mapumziko, likizo.

Kikoba nacho kilibidi kibadilishe katiba. Kwanza tuliweka kipengele kwamba mwanachama aliyejifungua asitozwe faini ya kutonunua hisa kwa miezi mitatu. Hicho kilipita bila kelele. Cha pili kilikuwa kuruhusu madada wa kazi kuwa wanachama, na hapo kikao kilichafuka. Mmoja akasema hawezi kukaa kiti kimoja na msichana wake na kupigiana kura. Mwingine akauliza dada akikopa akatoroka, nani atalipa. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu anayependa taratibu, akaahirisha mara mbili. Tulipopiga kura kipengele kilipita kwa tofauti ya kura chache, na mama mmoja alijitoa akachukua hisa zake.

Wa kwangu alikuwa wa kwanza kujiunga. Mkopo wake amenunulia nguruwe wawili wanaofugwa kwao na mama yake, na wamekubaliana mama apate theluthi ya mauzo kwa kazi ya kuwalisha. Aliniomba kaunta buku la zamani aone safu nilizichoraje. Marejesho yake hayajawahi kuchelewa. Mwenyekiti ameshapigwa faini.